Mikono ya Fundi Kola

Saa moja na nusu asubuhi Fundi Kola alifuta cherehani namba kumi na nne, akatia uzi, akamwonyesha msichana aliyeletwa kutoka mkoa wa bandarini jinsi ya kugeuza ncha ya kola bila kuitoboa. Msichana alijaribu mara tatu. Ya tatu ilikaa sawa, na papo hapo Fundi Kola akasahau namna ya kuigeuza.

Hakuna aliyeshangaa. Fundi wa vifungo alikuwa amefundisha watu wanne wiki iliyopita, na sasa mumewe ndiye anayemfunga blauzi. Ofisini kulikuwa na fomu ya mambo hayo.

"Kwani ujuzi ukitoka haurudi, shemeji?" Fundi Kola alimuuliza msimamizi, mdogo wa mumewe, ambaye yeye mwenyewe alimlea tangu akiwa hajui kujifunga kamba za viatu.

"Haurudi. Lakini wasiwasi wa nini? Kiwanda hiki kinahamia bandarini, hapa tunajenga kipya cha kisasa. Ajira mia sita, na mliofundisha ndio wa kwanza. Mimi nikudanganye wewe?"

Akamwamini. Akafundisha mfuko, akafundisha pindo, akafundisha hata mtindo wake wa kukata uzi kwa jino la pembeni. Kufikia Ijumaa mikono yake ilikuwa myepesi mno. Akaitia mfukoni isije ikapeperuka.

Kiwanda kipya kilipofunguliwa, ajira mia sita zilikuwa zimebaki thelathini. Mezani alikaa shemeji, na kando yake yule msichana, aliyerudishwa kutoka bandarini kuwa fundi mkuu. Alikata uzi kwa jino la pembeni, akainuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Wakampa kola aishone. Akaigeuza huku na huku, akairudisha mezani.

"Tunataka wenye uzoefu," shemeji alisema, macho kwenye karatasi.

"Uzoefu wangu si huo hapo umekukalia kando?"

"Najua, shemeji. Anayefuata!"

Ilimuuma kuliko njaa. Mgeni angemtendea hivyo, angemtukana akapata nafuu.

Jumapili shemeji alikuja kula kama kawaida yake. Fundi Kola aliitazama kola ya shati lake, ilivyosimama bila kasoro.

"Nani kakushonea? Huyu anajua kazi."

Shemeji alinawa mikono polepole.

"Si wewe? Uliponioza."

"Aa," alisema Fundi Kola, akampakulia.