Mikia Kumi ya Panya

Serikali ilipofunga njia za kwetu Nuu kwa sababu ya tauni, chifu wetu Nzomo alipanda juu ya jiwe pale sokoni akatuambia kila mtu aweke chakula cha siku arobaini ndani ya boma lake. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatatu iliyofuata hakuja mwenyewe, maana alikuwa anaogopa watu, akatuma askari apige kelele mlima kwa mlima kwamba chakula tulichoweka ndicho kinacholeta panya, na panya ndio wanaoleta tauni. Kwa hivyo sisi tulioweka chakula tulikuwa na makosa.

Mimi Mbuvi shule nilisoma mwaka mmoja tu kwa misheni, nikatoka kwenda kuchunga. Lakini hata mtu wa mwaka mmoja anaweza kuweka Jumatatu mbili pamoja akaona haziingiani.

Mke wangu Kalunde alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Watu husema ni homa. Mimi husema ni mitaro ya chifu. Nzomo alitoa amri kila nyumba ilete mtu mmoja akachimbe mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, kana kwamba sisi tuna maji ya kuchukua kitu. Kalunde akaenda na homa yake mwilini, akarudi amebebwa. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimekwenda dukani kwa Abukar na mbuzi wa kuuza. Lakini amri ilikuwa ya Nzomo.

Aliniachia binti mmoja, Ndinda, aliyeolewa upande wa Kabati, na ghala moja. Ghala lile lilikuwa limesimama juu ya miguu minne ya mti mgumu, na kila mguu Kalunde aliuvisha chungu kilichotobolewa, mdomo ukiangalia chini. Panya akipanda, anafika kwenye chungu, anateleza, anaanguka, anakwenda kwa jirani. Ndani mlikuwa na vibuyu vya kunde, mbaazi, mawele, na mahindi kidogo. Kwetu mwanamume haingizi kichwa katika ghala la mkewe. Anajenga, anaezeka, kisha anangoja chini apewe. Kalunde alipokufa, Ndinda alikuwa akija kila wiki kunitolea chakula. Karantini ikamfungia huko kwake. Basi nikakaa siku mbili na njaa nikilitazama ghala, na siku ya tatu nikapanda.

Nilianza na vibuyu vidogo vya karibu na mlango. Kunde zilikuwa zimejaa majivu. Nikaosha mara tatu, nikapika, na bado zikawa na ladha ya jiko. Nikasema moyoni, Kalunde naye, majivu yote haya ya nini? Nikala hivyo hivyo wiki tatu, nikilalamika peke yangu kama mbuzi mgonjwa.

Ndipo askari akaja tena. Alikuwa kijana wa ukoo wa chifu, mwenye kofia nyekundu na fimbo, na alisimama mbali kama mtu anayeongea na chui.

"Mzee! Amri mpya. Kila boma lilete mikia kumi ya panya, Ijumaa. Asiyeleta, ghala lake linachomwa."

"Mimi sina panya."

"Kila mtu ana panya."

"Njoo utazame. Miguu ya ghala ina vyungu. Panya hapandi."

"Mzee, mimi sikutumwa kutazama vyungu. Nimetumwa mikia."

"Sasa kijana wangu, mtu asiye na panya mnamchomea ghala, na mwenye panya mnamwachia?"

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, na haikumchukua muda. "Asiyeleta mikia hajawinda," akasema, "na asiyewinda amewaficha." Akaenda zake.

Nikatega mitego siku mbili, kwa kamba na jiwe bapa. Nikashika mjusi.

Ng'ambo ya korongo lililo karibu na boma langu anakaa Kaluki, mjane kama mimi, ila yeye ujane umemnenepesha. Hatukuruhusiwa kukutana, kwa hivyo tulikuwa tukiongea kwa kupiga kelele, na mlima mzima unasikia.

"Baba Ndinda!" akaita siku ile ya mjusi. "Nasikia unawindia chifu mkia mrefu!"

"Niache, Kaluki."

"Mimi ninayo mikia hamsini na sita! Ghala langu ni kama soko. Nikupe kumi?"

Nilisimama. "Unataka nini?"

"Mbegu ya kunde ya Kalunde."

Hapo nieleze, maana ndicho kitu chenyewe. Kunde za Kalunde zilitoka kwa mama yake, na mama yake alizitoa kwa mama yake. Hata mvua ikinyesha mara tatu tu, zinakomaa. Mwaka wa nzige zilibaki, na mwaka wa njaa uliofuata zilibaki. Kaluki aliziomba miaka sita na Kalunde akamnyima, sijui waligombania nini, mambo ya wanawake wa kisima kimoja. Mvua ilikuwa imebakiza mwezi mmoja. Bila mbegu ile ningepanda nini? Ndinda naye angerithi nini cha mama yake? Nguo zake tulikwisha kuzigawa.

"Nitakupa kidogo," nikamjibu. "Ziko kibuyu gani?"

Kaluki akacheka mpaka akashika mbavu. "Ati kibuyu gani! Enyi watu, sikieni mwenye ghala!"

"Nimekuuliza!"

"Mbegu ni vibuyu vidogo vya mlangoni! Shingoni vina alama tatu za moto! Na ndani mna majivu mengi, mdudu asiingie!"

 Nilipanda ghalani nikavitazama. Vilikuwa vinne, na vyote vilikuwa na alama tatu, nyeusi, zimepangwa vizuri kwa ncha ya kisu. Vitatu vilikuwa vitupu. Nilikuwa nimevimaliza mimi mwenyewe kwa mkono wangu na kijiko changu.

"Vipi huko?" Kaluki akaita. "Umeziona?"

"Nimeziona!"

"Mbona sauti imekonda?"

Kama si amri ya Nzomo, Ndinda angekuja, na Ndinda anajua alama. Hilo nalisema mpaka leo. Lakini siku ile nililisema kwa sauti ndogo.

Tukafanya hivi. Nilimimina nusu ya kibuyu cha nne katika kitambaa, nikashuka korongoni, nikakiweka juu ya jiwe, nikapanda kurudi. Kaluki naye akashuka upande wake, akachukua, akaacha mikia kumi imefungwa kwa kamba ya katani kama kuni, akarudi juu. Hatukukaribiana. Karantini tuliitii kuliko chifu mwenyewe.

Nusu yangu niliifunika vizuri nikairudisha ghalani mlangoni, ingoje mvua. Kesho yake nilimwona Kaluki ameinama katika zizi lake la zamani la mbuzi, lile lenye samadi nyeusi, anafukia kitu na kumwagia maji aliyooshea vyombo.

"Unapanda na mvua haijaja?" nikamwuliza.

"Mvua ni ya Mungu, maji machafu ni yangu!"

"Mbegu hupandwa shambani."

"Shamba langu liko mtoni na mtoni kuna askari. Hapa nyumbani kuna mimi. Wewe weka yako, mtu wa ghala."

Niliona ni ujinga wa mwanamke mwenye haraka.

Ijumaa askari akaja. Nikamtupia mikia. Akaihesabu kwa ncha ya fimbo, moja mpaka kumi.

"Umeona, mzee? Kumbe unaweza kutii."

 Ghala lilikuwa limepona, na hilo ndilo nililotaka.

Jumanne niliona moshi upande wa kisima. Kisha moshi mwingine, karibu zaidi. Askari wakatokea watatu, na mmoja amebeba kijinga cha moto.

"Mzee, shuka hapo. Amri mpya."

"Amri gani tena? Mikia si nimeleta!"

"Ndiyo. Daktari ametoka kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akatazama hesabu ya chifu. Akasema boma lenye mikia ndilo lenye panya, na lenye panya ndilo lenye tauni. Ghala lililotoa mikia linachomwa."

Niliwatazama mmoja mmoja nione kama kuna anayecheka. Hakuna.

"Ijumaa asiye na mikia achomewe, Jumanne mwenye mikia achomewe. Sasa nani haswa hachomewi?"

"Chifu amesema msiulize."

"Basi ngojeni nitoe kibuyu kimoja. Kimoja tu, cha mbegu."

"Hata punje haitoki. Viroboto."

"Humu hamna panya! Hamjawahi kuwa na panya! Tazama vyungu!"

"Mikia kumi, mzee. Mimi mwenyewe niliihesabu."

"Mikia ile si yangu!"

Yule kijana wa kofia nyekundu akainua kichwa. "Ni ya nani?"

Ng'ambo ya korongo Kaluki alikuwa amesimama, mikono kichwani. Alikuwa amesikia kila kitu, kama mlima wote. Kupitisha kitu kutoka boma hadi boma wakati wa karantini ilikuwa kifungo cha miezi mitatu, na Kaluki alikuwa na mama mkongwe ndani ya nyumba asiyeweza kujichotea maji. Ningesema jina lake, labda wangesimama kidogo, wangeuliza, na kibuyu changu kingetoka. Lilikuwa neno moja tu.

"Ni ya panya," nikasema.

Wakatia moto. Ghala la Kalunde halikuwaka haraka, maana alilikandika vizuri kwa udongo na samadi. Lilitoa moshi muda mrefu, kisha paa likashika. Kunde zilikuwa zikipasuka ndani moja moja, na mimi nilisimama nikizisikia. Vyungu vinne vilibaki vimesimama juu ya miguu yake, vizima. Hakuna panya hata mmoja aliyetoka. Niliwaonyesha askari. "Mmemwona? Yuko wapi?" Walikuwa wamekwisha kugeuka kwenda kwa Kaluki.

Lake liliwaka kama karatasi. Panya walitoka wakakimbilia vichakani, na wawili walikuja upande wangu.

Siku zilizobaki za karantini nilikula maboga ya nyuma ya nyumba na maziwa ya ng'ombe mmoja. Njia zikafunguliwa. Mwezi ulipotimia, mvua ikanyesha mara mbili. Chifu akatangaza kwamba serikali italeta mbegu ya mahindi kutoka mbali, na watu wakafurahi. Mimi sikufurahi, maana mahindi ya mbali hayaijui Nuu.

Siku ya pili baada ya mvua nilishuka korongoni nikapanda upande wa pili.  Kaluki alikuwa amekaa kizingitini akichambua majani ya kunde katika ungo. Nyuma yake, katika zizi la zamani, ndani ya ua wa miiba, kunde za Kalunde zilikuwa zimefika magotini na kuanza kutoa maua.

"Umekuja kutazama kunde au kunitazama mimi?" akauliza.

"Kunde."

"Basi zitazame. Hazina haya kama wewe."

Nikazitazama. Nilizitazama muda mrefu kidogo, na Kaluki akaendelea kuchambua majani.

"Nilikusikia siku ile," akasema mwisho. "Panya wako alikuwa na jina, hukulitaja."

"Ningeongezewa kifungo tu."

"Ndiyo. Ni kwa sababu hiyo." Akatikisa ungo. "Zikikauka tunagawana nusu kwa nusu. Sehemu ya Ndinda itoke kwanza, kabla ya yako na yangu. Lakini palizi ni zamu yako. Mimi nimemwagilia peke yangu mwezi mzima na mgongo wangu si wa chuma."

Alisema zamu bila kujua habari ya ile zamu ya mitaro. Au labda alijua, mlima ule husikia kila kitu. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta. Nikalichukua nikaingia zizini.

Sijamaliza mstari wa kwanza nikasikia sauti ya askari kule ng'ambo, bomani kwangu. Kofia nyekundu ilikuwa ikizunguka pale palipokuwa na ghala.

"Mbuvi! Mzee Mbuvi! Chifu anataka mtu mmoja kila nyumba! Kujenga ghala la serikali!"

Nikainua kichwa. Matusi yalikuwa yamenijaa mdomoni, ya miaka miwili, nimeyapanga tayari. Lakini Kaluki alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, ungo kiunoni.

"Mwambie chifu," akapiga kelele, "Mbuvi ana zamu huku!"

Nikainama tena. Magugu yalikuwa mengi.