Mkwe Ndani ya Redio

Mwaka ule dhahabu ilipopatikana kwenye vilima vya Nyarero na watu wakamiminika kutoka kila upande, Joram, mtangazaji wa redio ndogo ya Nkende, alipewa kipindi chake cha kwanza: salamu za wachimbaji, kila Jumapili mchana. Tuseme ukweli, kipindi kilikuwa kimepooza. Kikachangamka siku alipomleta bibi yake mzaa baba, Ghati, kutoka Nyanungu.

Kwa Wakurya bibi humwita mjukuu wake mume, na mume huyo hutaniwa bila huruma. Ghati alijifunga khanga vizuri, akakisogelea kipaza sauti.

"Vijana wa mashimoni, mnamsikia mume wangu Joram anavyounguruma hapa? Nyumbani tukizima taa ni gunia la mihogo! Nitafutieni mwingine huko, anayejua kushika sururu!"

Akaongeza na mengine yasiyoandikika. Huko mashimoni watu walivunjika mbavu. Joram naye alicheka hadi machozi, maana alimpenda bibi yule kuliko mtu yeyote duniani.

Kitumbua kikaingia mchanga. Malalamiko yaliwafikia wasimamizi wa utangazaji: lugha chafu, mchana kweupe, watoto wakisikiliza. Aliyelalamika ni Nyamhanga wa Serengeti, mume wa shangazi yake Joram, yaani mkwe wa Ghati mwenyewe. Meneja hakuzunguka mbuyu. Kipindi kikifungiwa, Joram afungashe virago.

Akaja afisa, mama mmoja mpole mwenye miwani, jina lake Verdiana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, maneno yale uliyasema kweli?"

"Niliyasema. Si nilikuwa naongea na mume wangu? Kosa liko wapi?"

"Watu wengi walisikia. Hata mkwe wako."

Ghati akacheka. "Mkwe wangu yuko Serengeti, analima. Hachimbi dhahabu. Huyu mura, kijana wangu huyu, aliniambia tunaongea na vijana wa mashimoni."

Ni kweli Joram alimwambia hivyo. Hakufikiria hata kidogo kwamba bibi angedhani redio humfikia anayetumiwa salamu tu, kama mtu apelekewavyo mzigo wake. Akamweleza taratibu kwamba husikika kwa kila mwenye redio, na kwamba siku ile Nyamhanga alikuwa ameketi na wanawe.

Kicheko kikamtoka bibi usoni. Tangu Nyamhanga amwoe binti yake, wawili hao hawakuwahi kutazamana wala kusemeshana, kwa heshima ya ukwe. Wakikutana njiani, mmoja huingia shambani mwingine apite. Sasa mtu huyo amemsikia akisimulia mambo ya kitandani! Ghati akajifunika khanga kichwa kizima.

"Bora nife tu," alisema.

Joram hakuweza kuvumilia. "Mama, kosa ni langu. Fungieni kipindi, nifukuzeni kazi, lakini bibi yangu msimwaibishe."

Verdiana alivua miwani, akaifuta. "Sheria ni sheria. Jumapili mtaomba radhi hewani. Na utani wa taa ikizimwa usubiri usiku, watoto wakishalala."

"Usiku na mimi nimelala," sauti ilitoka ndani ya khanga. Hata meneja alicheka.

Jumapili Ghati alikataa kuombewa radhi. Lakini kumsemesha mkwe hawezi, kwa hiyo akamgeukia mjukuu wake.

"Mume wangu, mwambie mkwe nimekosa. Sikujua yumo humu ndani."

Joram akayarudia maneno yale hewani. Mara simu ya studio ikalia. Ilikuwa sauti nzito, yenye haya.

"Joram, ni Nyamhanga. Mwambie mkwe yameisha. Mwambie siku ile nilizima redio kwa sababu ya watoto. Lakini miaka yote hii nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka."

Ghati alikuwa amesikia kila neno kwenye spika. Hata hivyo alisubiri aambiwe, kama inavyotakiwa. Joram akamwambia.

Bibi akajifunika uso kwa ajili ya mkwe aliyekuwa wilaya nyingine. Kisha akakisogelea kipaza sauti na khanga yake usoni, akacheka.