Nta ya Nyasi

"Hebu nyoosha mikono," mkuu wa maabara aliniambia mbele ya wageni wawili wa kampuni ya chumvi.

Nikainyoosha kama mtoto anayekaguliwa kucha. Akainama, akanusa.

"Losheni. Hiyo ndiyo nta uliyoiona kwenye tope lako."

Wageni wakacheka. Damu ilinichemka. Wenzangu duniani hupakwa matope. Mimi nilikuwa napakwa losheni!

Ni kweli, katika kazi yetu mafuta ya kujipaka ni adui. Tulikuwa tukitafuta nta ya majani yaliyozama ziwani enzi za mababu, ikahifadhiwa ndani ya tope la chumvi. Kidole chenye mafuta kikigusa tu chupa, kipimo kimeharibika. Ndiyo maana miaka yote ile mikono yangu ilipauka, hadi mama akanitania kwamba nachimba chokaa kwa siri. Losheni nilijipaka asubuhi ile tu, kwa heshima ya wageni, na vipimo vilikuwa vimekwisha zamani.

Mama alizaliwa kando ya ziwa lile, katika ukoo wa wafugaji. Kampuni iliutaka ufuo wote. Ilidai mahakamani kwamba hapajawahi kuota hata jani, kwa hiyo hapakuwa na malisho wala mwenye malisho. Tope lilisema vingine. Nyasi za nchi za joto hubeba kaboni nzito kuliko ya miti, na uzito huo haupotei hata jani likioza. Kaboni ya nta niliyoipata ilikuwa nzito, tabaka kwa tabaka. Ng'ombe wa babu hawakuwa wakila hewa.

"Andika kwamba sampuli zilichafuka," mkuu alisema, sasa kwa upole. Kampuni ndiyo iliyotununulia mashine. "Usijiharibie, binti."

Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga. Siku ile sikumpisha mtu. Nilitoa losheni mkobani, nikaipima palepale, kwa mashine yao wenyewe. Mashine haina haraka. Tuliisubiri, wageni wakitazama saa, mkuu akifuta miwani iliyokuwa safi. Kaboni ya losheni ikatoka nyepesi, mbali kabisa na ya tope.

"Njia ya mwongo fupi," nikasema. Ulimi uliniponza, na mpaka leo sijutii.

Mkuu hakutazama tena kioo cha mashine.

"Saini yako bado naihitaji."

"Hutaipata."

Jioni nilimkuta mama akikunja nguo kitandani. Nilikuwa na hasira bado, na hofu pia, maana kodi ya nyumba ile niliilipa mimi.

"Wamenifukuza, mama."

Akakunja shuka, akalinyoosha kwa kiganja.

"Na nyasi zetu?"

"Zimo kwenye vipimo. Wakili wa ukoo ana majibu yote."

"Basi vua viatu," akasema. "Tule."