Jibu la Chiriku

Sauti yake mwenyewe ilimjia kutoka juu, kama ya mtu anayeita akiwa darini. Mwalimu alikiinamia kile kinasa sauti kidogo kilichokuwa mezani, akashangaa. Miaka yote aliyofundisha chekechea hakuwahi kujisikia kutoka chini, huko waliko wasikilizaji wake.

Mtafiti alikuwa binti aliyewahi kufanya mazoezi ya ualimu chini yake. Safari hii alirudi na vizibao vyenye mfuko kifuani, akawavika watoto wachache, na katika kila mfuko akatia kinasa sauti kama hicho. Alitaka kujua mtoto mdogo husikia nini darasani.

"Husikia ninachomfundisha, mwanangu," Mwalimu alimtania. "Au huko chuoni mmevumbua masikio mengine?"

Binti alicheka. Kisha akamvika Chiriku.

Jina hilo alilibandika Mwalimu mwenyewe. Chiriku ni ndege asiyefunga mdomo. Mtoto huyu hakuwahi kuufungua wake. Darasa lilicheka, na jina likanata. Mwaka ulipofika ukingoni, Mwalimu alipendekeza arudie, wenzake wakivuka kuingia darasa la kwanza. Mama yake, fundi cherehani, aliitwa. Akasimama mlangoni, vipande vya uzi vimemng'ang'ania begani.

"Nyumbani anajibu, Mwalimu," alisema. "Ila hana haraka. Utadhani anatafuta ufunguo kwenye mkoba."

"Mama, nikimngoja mmoja, wengine watanipandia madawati."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Sasa watoto walikuwa wamekwenda zao, na asubuhi ya pili yake mwalimu mkuu alitarajia neno la mwisho kuhusu Chiriku kurudia. Wanawake wawili, Mwalimu na mtafiti, walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu.

"Sikiliza hapa, Mwalimu. Uliuliza habari za mvua."

Akajisikia: "Chiriku, mvua ikinyesha, maji ya uwanjani huenda wapi?" Pakawa na kimya kifupi kuliko pumzi. "Haya, mwenzake amsaidie!" Kelele zikaripuka: mimi, mimi, Mwalimu! "Mtaroni! Vizuri sana, mpigieni makofi!" Somo likasonga mbele, likaingia kwenye rangi.

"Nimesikia," Mwalimu alisema, akinyoosha mkono kuzima. "Hakujibu."

"Ngoja kidogo, Mwalimu wangu."

Makofi yalififia. Sauti ya Mwalimu ilikuwa mbali, inahesabu rangi. Ndipo, karibu kabisa, karibu kama pigo la moyo, ikasikika pumzi ya mtoto, na nyuma yake sauti nyembamba kama uzi: "Mengine yanaenda mtaroni. Mengine yanaingia chini. Mengine jua linayanywa."

Hakuna aliyempigia makofi.

Mwalimu alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Macho yake yalikimbilia ukutani, na huko yakakutana na mwandiko wake mwenyewe, herufi nene za rangi nyekundu: Haraka haraka haina baraka. Kila Jumatatu aliwakaririsha watoto methali hiyo, upesi upesi, ili kipindi kisimpite.

"Yapo mengine kama haya?"

"Yapo."

"Ya huyu tu?"

Binti aliinamisha macho. "Niliwavika wachache tu, Mwalimu."

Wakamjia akilini watoto waliorudia mwaka huu na ule, sura baada ya sura, kila moja ikiwa imefumba mdomo. Yeye alidhani alikuwa amegonga milango yao. Kumbe aligonga akipita.

Asubuhi, watoto walipoketi mkekani, alimwita mtoto kwa jina alilopewa na mama yake. Wenzake waligeuka kumtafuta mgeni.

"Yale maji yanayonywewa na jua," Mwalimu aliuliza, "jua linayapeleka wapi?"

Mtoto aliinua uso, kama mtu aliyeguswa bega gizani. Mikono ya wengine ilichomoza kama nyasi. Mwalimu akaishusha kwa kiganja kimoja, polepole. Ulimi wake ulimwasha. Akaubana kwa meno.

Mlangoni mwalimu mkuu alikohoa. "Mwalimu, nasubiri neno lako."

"Na mimi nasubiri," alijibu bila kugeuka.

Nje, mtu alikuwa akifagia uwanja. Darasa zima lilitulia, hata wale wa nyuma. Kifuani mwa mtoto kizibao kilipanda, kikashuka, kikapanda tena.