Jitu Linalobeba Mbingu, Sehemu ya Pili

Jumanne saa nne asubuhi mtafsiri wa filamu alizima feni, akaziba mlango kwa blanketi na kuketi mbele ya kipaza sauti. Kuta za chumba alikuwa amezibandika trei za mayai ili kelele za fundi wa kuchomelea vyuma zisiingie. Mezani palikuwa na sehemu ya pili ya ile filamu ya miungu ya Wayunani wa kale, ambayo watu walikuwa wameisubiri mwaka mzima. Kazi yake ilikuwa kuweka Kiswahili vinywani mwa wote: wafalme, wachawi, hata farasi mwenye mabawa.

Katika sehemu ya kwanza alikuwa amefanya uzembe mmoja. Palikuwa na jitu linalobeba mbingu mabegani, nalo lilitoa hotuba ya dakika nne kwa Kiingereza cha kizamani ambamo mtafsiri hakuambulia kitu. Badala ya kufungua kamusi, akalitia jitu kigugumizi, kwa sababu mwenye kigugumizi hujaza dakika nne kwa maneno tisa. Hakuhangaika kutafuta kigugumizi cha kuiga. Alichukua kile alichokulia nacho, cha baba yake, pamoja na vile vituo vyake vya kuvuta pumzi puani.

Baba yake alibeba magunia ya unga kiwandani miaka thelathini ili mwanawe asome, na Kiingereza kidogo alichokijua mtafsiri kilitoka kwenye mgongo huo. Siku ya kwanza ya filamu baba alikuja kwenye banda la video na shati lililopigwa pasi, akakaa mbele kabisa. Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Jirani mmoja akamgeukia na kumuuliza, "Mzee, kumbe na wewe unaigiza?" Baba akatabasamu, maana hakujua auweke wapi uso.

Jioni hiyo mezani alifungua mdomo kuomba chumvi, sauti haikutoka. Ilitokea mtaa wa pili, kwenye banda la video, kinywani mwa jitu. Watazamaji wa jioni wakasikia jitu linaomba chumvi, wakacheka tena. Tangu hapo baba alisikika pale tu jitu lilipokuwa kwenye kioo. Wakati mwingine wote midomo yake ilicheza bure.

Mama hakupoteza muda kushangaa. Alinunua nakala moja, akawa anaiweka wakati wa chakula na kuipeleka moja kwa moja kwenye jitu ili azungumze na mumewe. "Anza na la maana, mzee," alikuwa akimwambia, "zimebaki dakika mbili." Hivyo ndivyo walivyokubaliana kuhusu paa linalovuja na posa ya binti yao. Mtafsiri, kila alipowatembelea, alitoka kwenda uani jitu lilipokaribia. Aliona haya. Mwaka mzima hakuwahi kumwomba baba radhi, kwa sababu radhi huhitaji jibu, na jibu lingetoka kwenye kinywa kile kile alichokitia kigugumizi yeye.

Sasa jitu lilikuwa limerudi, na safari hii lilikuwa na dakika sita. Mtafsiri alikuwa amekaa na kamusi siku tatu, akaandika hotuba safi. Aliisoma kwa sauti nzito, ya heshima. Aliporudisha kusikiliza, ilitoka kwa kigugumizi, tena haikuwa hotuba yake. Nyumbani ilikuwa saa ya chai, na baba alikuwa akimwambia mama: "U-u-usimlaumu mtoto. Ha-hata mimi nilicheka." Mtafsiri alivua vidude vya masikioni, akakaa akizitazama trei za mayai. Kisha akafuta alichorekodi, akaziacha zile dakika sita tupu. Siku ya kuonyesha angekaa kando ya baba, amwombe radhi, na baba awe na nafasi ya kutosha kumjibu.

Jumamosi banda lilijaa hadi madirishani. Mwenye banda alikuwa ameandika ukutani kwa rangi nyekundu: JITU LA KIGUGUMIZI LIMERUDI. Baba alivaa lile lile shati. Jitu lilipotokea, watu walianza kucheka kabla halijafungua mdomo.

"Baba," mtafsiri alisema sikioni mwake, "nilikukosea. Naomba unisamehe."

Baba alifikiri kidogo, akavuta pumzi puani.

"Mwa-mwa-mwanangu," jitu likasema, "mi-mi-mimi si..."

Kicheko kikapanda, yaliyofuata hayakusikika. Watu wakadai irudishwe, na mwenye banda akairudisha. Baba akaanza upya, polepole, kwa subira ile ile aliyopandia ngazi za kiwanda na gunia begani. Kicheko kikammeza tena. Ikarudishwa. Mara ya tatu alifika mbali zaidi, "mi-mi-mimi si-si-sina...", na mtafsiri akainama mbele ili neno lisimpite. Ndipo alipogundua kwamba naye anacheka. Yalikuwa mazoea tu. Kigugumizi kile ndicho kilichompa jina mjini, na mwili wake ulikijua.

Baba alimtazama, kisha akafunga mdomo. Jitu likabeba mbingu kimya kwa dakika zote zilizobaki. Watu walitoka wakilalamika kwamba sehemu ya pili haifikii ile ya kwanza.