Kifuniko cha Tatu

Tarumbeta ilikuwa imelazwa mezani jikoni juu ya taulo, kama mgonjwa anayesubiri daktari, na Fundi Bomba alikuwa ameiinamia huku akiitukana ofisi ya bendi nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi yule anayekaa ghorofa ya juu kabisa.

"Miaka saba! Miaka saba wameitupa stoo, paa linavuja, panya wanazaliana. Mtu akishapewa cheo, akili anaiacha mlangoni pamoja na mwavuli."

Binti yake alisimama dirishani, sare imeshapigwa pasi, viatu vinang'aa. "Baba, saa tisa gari la bendi linapita kunichukua. Kifimbo kasema kama pistoni ya tatu bado inagoma, nafasi anampa mwingine."

"Kifimbo!" Mzee alilitema jina hilo kama mchanga kwenye wali.

Kifimbo ndiye mkuu wa bendi, na fimbo yake ya kuongozea haimtoki mkononi hata akienda chooni. Ndiye aliyemtoa marehemu mke wa fundi mstari wa mbele akampeleka wa nyuma, kisha kutoka wa nyuma akampeleka nyumbani, eti vidole vyake vimekuwa vizito, noti zinachelewa. Fundi alikwenda ofisini akapiga meza ngumi mpaka chai za watu zikamwagika. Haikusaidia kitu. Tarumbeta ikarudishwa stoo, na miaka miwili baadaye mama akafariki. Madaktari waliuita ugonjwa wake kwa jina refu. Mumewe alikuwa na jina fupi: Kifimbo.

Sasa binti naye kajiunga na bendi ileile, bila kumuuliza mtu, na amekabidhiwa tarumbeta ileile ya mama yake.

Vali zilisimama tatu, kila moja kibomba cha shaba chenye kifuniko juu na kifuniko chini. Vya juu vilifunguka bila ubishi. Pistoni zikatolewa, zikafutwa, zikapangwa kwa zamu zake ili zisibadilishane nyumba. Kifuniko cha chini cha kwanza kilitoka kwa mkono uliozungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na cha pili kilihitaji kubembelezwa kidogo. Cha tatu kikakataa katakata.

"Si utumie koleo, baba? Muda unakwenda."

"Koleo ni la watu wa ofisini," alisema mzee. "Hii shaba ni laini. Ukiibana na koleo, kifuniko kinakuwa yai, na bomba lake linakuwa yai. Pistoni haitapita humo tena, hata uitie mafuta ya upako."

Miaka arobaini alikuwa amelala chali chini ya masinki ya watu. Kitu kilichokwama alikijua kama ndugu. Tangu jana alikuwa amedondoshea mafuta ya kulegeza kutu kwenye ule mstari ambapo kifuniko kinakutana na bomba, akaigeuza tarumbeta kichwa chini ili mafuta yajipenyeze yenyewe. Moto hakuusogeza, maana moto ungebabua rangi ya juu. Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakamua, akakizungushia kifuniko, akahesabu mpaka mia. Kisha akachukua kinyundo cha mbao, akaanza kugonga ukingo taratibu, ko, ko, ko, akizunguka, kama anayebisha hodi penye mtoto aliyelala. Akajaribu kuzungusha. Hola. Akatia tone jingine, akaanza upya.

Kando aliweka kisahani cheupe.

"Hicho cha nini?"

"Cha kutu. Nataka nimwekee Kifimbo kutu ya stoo yake mezani. Aipake kwenye mkate."

Kwenye duru ya sita kifuniko kililia kwii, kikasogea. Mzee akashusha pumzi, akakizungusha kwa vidole viwili, polepole, mpaka kikatoka. Akakigongagonga kwenye kisahani.

Kilichodondoka hakikuwa kutu. Kilikuwa chembe nyekundu za rangi iliyokauka, na kwenye hesi za kifuniko, ile mikato ya kukazia, ulikuwa umejiviringisha uzi mmoja mwembamba wa katani.

Mwanamuziki hajui kitu hicho. Katani na rangi nyekundu ni dawa ya mabomba ya maji, ya kuzuia kiungo kisivuje. Huwekwa na fundi bomba.

Alikumbuka. Bendi ilikuwa barabarani, kifuniko kikalegea, kikaanguka, kikabingirika mpaka mtaroni, na watu wakacheka. Mkewe alirudi nacho kiganjani. "Nikazie, mume wangu, kisinitie aibu tena." Naye akavimba kichwa: "Nikikikaza mimi, hakitoki mpaka kiyama." Wiki kadhaa baadaye mke akasema kifuniko hakifunguki, anataka kusafisha ndani. "Ndiyo kazi yake," alimjibu, "kutofunguka." Mkewe akacheka. Hakuuliza tena. Na uchafu ukaendelea kujaa chini ya pistoni ya tatu.

"Imefunguka!" binti alirukaruka. "Kutu eh?"

"Kutu."

"Mbona nyekundu? Kutu ya shaba si ya kijani?"

"Ya stoo yao nyekundu," alisema mzee, akakifunika kisahani kwa kiganja.

Alifuta uchafu ndani ya bomba, akasugua hesi kwa mswaki wa zamani, akatia mafuta mepesi, akarudisha kila pistoni nyumbani kwake, akafunga kwa vidole viwili tu. Binti akapuliza. Pistoni ya tatu ilishuka ikapanda kama si yenyewe.

Honi ikalia nje. Mlangoni akatokea Kifimbo mwenyewe, fimbo kwapani, mvi kichwa kizima.

"Shikamoo, mzee."

Miaka saba mzee hakuwa ameiitikia salamu hiyo. "Marahaba," alisema.

"Nimeisikia tangu barabarani. Ilikuwa na nini?"

"Kifuniko. Kilikazwa mno."

"Ndicho hichohicho," Kifimbo alisema. "Marehemu aliniambia hakifunguki. Nikamwambia apeleke kwa fundi wa bendi, akagoma. Akasema fundi wake yuko nyumbani, hapeleki kwingine. Nilimngoja miezi mitano, mzee."

Binti akamtazama baba yake, kisha akatazama kile kiganja kilichofunika kisahani.

"Mngemlazimisha," mzee alisema. "Nyie si ndio wakubwa? Mkubwa kazi yake nini?" Lakini sauti ya kupigia meza haikutoka.

Binti alichukua tarumbeta yake, akapita bila kuaga, yeye ambaye siku zote huaga, na gari likaondoka.

Mzee alikiosha kisahani kwa sabuni. Rangi iliyoingia kwenye kucha aliisugua kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ikawasha, na bado haikutoka.