Majedwali Niliyoyaruka

Mtihani wa dada ulikuwa saa nane mchana. Saa sita na nusu tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za chuo, yeye akisikiliza sauti yangu niliyorekodi kwenye simu.

Dada haoni tangu utotoni. Anasomea ustawi wa jamii. Vitabu vya nukta nundu aliahidiwa muhula wa kwanza, na kila akienda ofisini anaambiwa viko njiani. Basi namsomea mimi. Niliishia darasa la tano, lakini kusoma najua. Namrekodia sura nzima, naye anasikiliza mpaka inamkaa kichwani.

Mwanafunzi mwenzake akapita, daftari kwapani. "Umeyashika majedwali? Mwalimu kasema nusu ya mtihani inatoka humo."

"Majedwali yapi?"

"Ya ukuaji wa mtoto. Yako kumi na moja kitabuni. Acha utani wako." Akacheka, akaenda zake.

Kila nilipofika kwenye jedwali niliruka. Ni vijumba vijumba na maneno machache ndani, sikujua mtu anaanzia wapi kuyasoma kwa sauti, na kuuliza niliona haya. Nilifunua ukurasa unaofuata nikaendelea kama hakuna kitu.

"Redio yangu," dada akasema taratibu, maana ndivyo anavyoniita, "mbona mimi sijasikia hata moja?"

"Niliyaruka."

"Yote?"

"Yote. Nilidhani ni kama picha tu."

Vidole vyake vikapapasa fimbo. Ulikuwa mtihani wa marudio. Akifeli tena, chuo basi.

"Ungeniuliza ningekucheka kidogo, yakaisha," akasema. "Sasa hata kucheka siwezi. Kitabu unacho?"

"Ninacho."

"Fungua. Soma kwenda upande, usishuke. Kila mstari uchukulie ni mtu. Mtaje jina, toa habari zake zote, ndipo uende kwa mwenzake."

Nikasoma. Mtoto wa miezi sita, anageukia sauti, hatari ni asipogeuka akiitwa. Mtoto wa mwaka mmoja, anasimama kwa kushikilia. Dada alirudia nyuma yangu kwa kunong'ona. Maneno mengine yalinishinda, nikayasoma vipande vipande, yeye akaviunga. Nilikuwa naangalia saa zaidi kuliko kitabu, mpaka akanigonga goti.

Tulikuwa katikati ya jedwali la saba msimamizi alipotoka kuita majina.

"Yamebaki mangapi?"

"Manne na nusu."

"Haya. Nitajibu yanayojibika." Akasimama, akanyoosha gauni. Nikamfikisha mlangoni, kwa mwalimu anayemsomea maswali na kumwandikia majibu.

Siku zote nikishamfikisha narudi ngazini. Sipendi kusemeshwa. Siku hiyo nilipanda ghorofani hadi ofisi ya mkuu wa idara, nikasimama mbele ya karani wake.

"Una shida gani, mdogo wangu?"

"Dada yangu yuko kwenye mtihani. Kitabu nilimsomea mimi, nikayaruka majedwali. Kosa si lake. Nataka mkuu ajue kabla hawajamsahihisha."

"Kwani hakupewa vitabu vyake?"

"Viko njiani."

Karani alikohoa kidogo. "Mkuu yuko kikaoni. Andika barua, iache hapa."

Barua ingenifaa zaidi, nisingelazimika kusema na mtu. Lakini kwenye trei yake niliona rundo la barua, za chini zimeshika vumbi.

"Nitamsubiri," nikasema, nikakaa kiti cha karibu kabisa na mlango.